Ua la mkorosho haliuzwi: Kipupwe katika mashamba ya Nachingwea na Ruangwa

Saa kumi na moja alfajiri ya mwezi Julai, nje kidogo ya mji wa Nachingwea, giza bado halijaachia. Mama ameshaamka, anachochea kuni jikoni. Baba anatoa mashine ya kupulizia dawa kwenye kibanda cha nyuma na kuikagua kwa mwanga wa tochi ya simu. Ndani, watoto watatu wamejikunyata chini ya blanketi moja, na mdogo wao ameapa kwamba leo haogi.

Bibi yao, ambaye tayari ameshika nafasi yake karibu na moto, anacheka. "Mume wangu huyu anaogopa maji," anamtania mjukuu wake. "Mwenzako mkorosho kalala nje usiku kucha, mbona hajalia?"

Ni kipupwe. Nyumba hii haina tofauti na nyingine nyingi za Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili za Mkoa wa Lindi zinazopakana na kulima mazao yaleyale. Anayetoka Makete au Lushoto ataiona baridi ya huku kuwa ya mchezo. Lakini kwa watu waliozoea joto la kusini, upepo wa usiku wa Juni hadi Agosti unatosha kumfanya mtu mzima avae koti na mtoto akatae kuoga. Mchana jua linawaka kama kawaida. Usiku ukiingia, baridi inashuka, na kunapopambazuka majani yote yamelowa umande.

Mvua zilikatika zamani. Zilianza Novemba au Desemba, zikaisha kuelekea Mei, na hazitarudi mpaka mwisho wa mwaka. Mgeni anayepita barabarani anaweza kudhani kwamba mkulima sasa amepumzika. Ukweli ni kwamba katika miezi hii ndipo inapoamuliwa kama nyumba itakuwa na fedha Desemba au haitakuwa nayo.

Nchi ya majembe madogo

Kutoka Lindi mjini, barabara inapita Mingoyo na Nyangao kuelekea Masasi. Anayekwenda Ruangwa anakunja kulia pale Nanganga. Wengi wanaokwenda Nachingwea huendelea hadi Masasi, kisha hukata kaskazini kwa takribani kilometa 45. Njiani kote ni mikorosho: mingine imejipanga kwa mistari, mingine imeota popote, matawi yake yakigusa ardhi kama mabawa ya kuku anayefunika vifaranga.

Nachingwea iliwahi kutarajiwa kuwa kitu kingine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga katika Tanganyika, na mashamba yakafunguliwa Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Matrekta yalifyeka pori, na reli ikajengwa kutoka pwani ili kubeba karanga. Karanga zenyewe hazikupatikana kama ilivyopangwa, fedha nyingi zikapotea, na mwaka 1951 mpango ukafutwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Hadi leo Nachingwea kuna kata inaitwa Stesheni, na watoto wa huko hawajawahi kuona treni ikipita.

Kilichobaki ni mkulima na familia yake, ekari chache, jembe, panga na mikorosho aliyoachiwa na wazazi. Shamba la namna hii halina meneja. Lina baba, mama, bibi, na kalenda wanayoijua bila kuiandika.

Ufuta unaingia, mkorosho unaamka

Kipupwe kinaanza na ufuta. Mabua hukatwa kabla vitumba havijapasuka, hufungwa mafungu na kusimamishwa yakauke. Kisha turubai hutandikwa chini, fungu moja moja hugeuzwa kichwa chini na kupigwa taratibu kwa fimbo, na mbegu zikamwagika kama mvua ndogo. Kazi hii haitaki haraka. Mbegu ikimwagika kwenye mchanga, imekwenda.

Ufuta ukishapepetwa hupelekwa kwenye chama cha msingi, ambacho wakulima hukiita AMCOS. Hupimwa, mkulima akapewa stakabadhi, mzigo ukaenda ghalani na kusubiri mnada. Vyama vya msingi vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale viko chini ya chama kikuu kinachoitwa RUNALI, jina lililounganishwa kutoka herufi za mwanzo za wilaya hizo tatu. Fedha za ufuta ndizo za kwanza kuingia nyumbani tangu zile za korosho zilipokwisha.

Baada ya ufuta huja mbaazi, zilizopandwa katikati ya mahindi na sasa zimekauka miguuni. Huja pia mihogo, inayomenywa na kuanikwa juani iwe makopa, kisha ikatwangwa kinuni kupata unga wa ugali. Wanaojua pori hutoka na jembe kuchimba ming'oko, mizizi ya porini ambayo watu wa Lindi na Mtwara huichemsha kwa chumvi na kuila asubuhi au jioni. Mtoto aliyelelewa huku akiwa Dar es Salaam, ukimtajia ming'oko, utamwona anatabasamu.

Wakati wote huo mkorosho nao umeanza kuamka. Chini yake pameshafyekwa na kusafishwa, matawi yaliyokufa yamepogolewa. Juni na Julai majani machanga mekundu hutokeza kwenye ncha za matawi, na nyuma yake vishada vya maua madogo yenye harufu tamu. Kishada kimoja kinaweza kuwa na mamia ya maua, lakini mengi ni ya kiume, hayazai. Yanayoweza kuzaa korosho ni machache, na hata hayo si yote yatakayofika mwisho. Kwa hiyo kila ua linalopotea linahesabika.

Unga mweupe

Adui wa ua hili anaupenda usiku wa kipupwe. Ni ugonjwa wa ukungu unaoitwa ubwiriunga. Baridi ya wastani, umande na mawingu ya asubuhi ndiyo mazingira yake. Huanza kwenye majani machanga, ukapanda kwenye vishada, na kuacha vumbi jeupe kama mtu amepita na chekecheo la unga. Baada ya siku chache ua hugeuka rangi ya kahawia, likanyauka na kuanguka. Mti unabaki na majani ya kijani kibichi, mzuri wa kutazama, na hauna kitu.

Wazee wa kusini hawahitaji kuelezwa madhara yake. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takribani tani 145,000 za korosho ghafi. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimebaki chini ya tani 17,000. Sababu zilikuwa zaidi ya moja: bei ilikuwa ndogo, na watu wengi walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao. Lakini ubwiriunga nao ulikuwa umeingia shambani, na mashamba mengi yakaachwa yakawa vichaka.

Kilichobadilisha hali ni watafiti wa kilimo wa Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, na unga mwingine, huu wa njano: salfa. Pamoja na mbegu bora na utunzaji wa miti, salfa ilirudisha maua kwenye mikorosho. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000.

Salfa ina tabia moja ambayo kila mkulima lazima aijue. Inakinga zaidi ya inavyotibu. Ukisubiri mpaka kishada kiwe cheupe chote, umeshachelewa. Ndiyo maana baba wa nyumba hii aliamka mapema leo. Jana alikagua vishada akaona vichache vimeanza kuota vumbi.

Alfajiri ya salfa

Salfa ya unga hupuliziwa kabla jua halijapanda, kwa sababu mbili. Kwanza, umande ungali juu ya majani, na unga unanata. Pili, upepo umetulia. Kufikia saa tatu asubuhi upepo umeanza kuvuma, na salfa iliyopulizwa wakati huo huishia kwenye shamba la jirani au machoni mwa mpuliziaji.

Mashine hubebwa mgongoni. Ikiwashwa, mlio wake husikika kijiji kizima, na kabla haijanyamaza nyingine hujibu kutoka upande wa pili wa bonde. Wingu la njano huingia katikati ya matawi, likatulia, likapotea. Mkorosho mkubwa hupewa kama robo kilo kwa mzunguko mmoja. Mzunguko hurudiwa takriban kila baada ya wiki mbili, mara nne au tano, mpaka maua yageuke kuwa korosho changa. Afisa ugani wa kijiji ndiye wa kuulizwa kiasi kinachofaa kwa umri wa miti na aina ya dawa, maana siku hizi zipo pia za maji.

Hapa pana jambo la wazazi. Salfa inawasha macho na kukereketa kooni, na mwenye pumu huumia zaidi. Mpuliziaji anahitaji shati la mikono mirefu, miwani, barakoa na viatu vya kufunika miguu. Katika nyumba hii mama amepiga marufuku mambo mawili. Baba haruhusiwi kumbeba mtoto mdogo kabla hajaoga na kubadilisha nguo, hata mtoto alie vipi. Na mfuko mtupu wa salfa hauingii jikoni. Wapo wanaoufua na kuutumia kuhifadhia unga au mbaazi. Mfuko uliobeba dawa haufai kubeba chakula, hata ukifuliwa mara kumi.

Mtoto na kazi ya shamba

Watoto wa mkulima hawalelewi pembeni ya kazi. Wanakusanya mabua ya ufuta, wanafukuza kuku kwenye makopa, wanachota maji, wanapukuchua mbaazi huku wakipiga hadithi. Hivyo ndivyo wanavyojifunza, na hakuna ubaya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na inakataza kazi ya hatari kwa mtoto yeyote. Kupulizia dawa ni kazi ya hatari. Kijana wa darasa la saba, hata awe na mabega mapana kama ya baba yake, hastahili kubebeshwa mashine ile.

Na kijana huyo ana jambo lake mwenyewe. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba, wakati mashamba yanahitaji macho na mikono. Wiki za kupulizia na wiki za kujiandaa na mtihani zinaangukiana. Wazazi wengi huku wamepata njia yao: mtoto anaamka na wazee, anasaidia kuchota maji au kufagia, kisha saa moja yuko njiani kwenda shule. Shamba litamsubiri Jumamosi. Mtihani hausubiri.

Kuna hatari nyingine ambayo ni ya watoto hasa. Nyasi zimekauka, na kipupwe ni msimu wa kuwinda panya wa porini, kitoweo kinachopendwa kusini. Vijana huwasha moto kichakani ili panya watoke. Upepo ukigeuka, moto unaingia kwenye mikorosho iliyojaa maua, na asubuhi moja inakula mavuno ya nyumba tatu. Ndiyo maana kabla ya Agosti wenye mashamba hufyeka ukanda mpana kuzunguka miti yao. Ndiyo maana pia bibi hurudia kila jioni: panya atafutwe kwa jembe na mtego, kiberiti kibaki nyumbani.

Mgeni mwenye pikipiki

Mchana wa siku hiyohiyo, baba akiwa amelala kidogo, pikipiki inasimama uani. Mgeni anavua kofia, anamsalimu bibi kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda."

Anauliza habari za baridi, za ufuta, za watoto. Anasifia mikorosho. Halafu anafika kwenye lake: ana fedha taslimu, leo, kwa yeyote mwenye shida. Hataki riba. Anataka tu korosho zikianguka, wampe magunia waliyokubaliana.

Biashara hii huku inaitwa kangomba. Serikali imeipiga vita kwa miaka mingi, na inarudi kila mwaka kwa sababu inamkuta mtu kwenye shida. Fedha za ufuta zimelipa madeni, zimenunua mahindi na madaftari. Korosho zitaanza kuanguka kuelekea Oktoba, na malipo ya mnada huja baadaye. Kati ya Julai na Novemba kuna miezi mirefu. Mtoto akiugua katikati yake, mwenye pikipiki anaonekana kama malaika.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme anatoa shilingi 800 kwa kilo Julai, kwa kilo 100. Mkononi unashika shilingi 80,000. Tuseme mnadani bei ikafika shilingi 2,500. Kilo zilezile zingekuwa shilingi 250,000 kabla ya makato. Umekopa 80,000 kwa miezi minne, umelipa zaidi ya mara mbili juu yake. Na kama ubwiriunga ukipita, deni linabaki palepale, maana aliyetoa fedha hadai maua, anadai korosho.

Mama anasikiliza mpaka mwisho. Miaka miwili iliyopita walikubali. Mtoto wa kati alikuwa na homa, na usafiri wa kwenda hospitali haukungoja mnada. Desemba yake walipeleka magunia manne kwa mtu, wakabaki na mawili, na Januari kijana wa shangazi aliyekuwa akiishi nao alichelewa kuanza kidato cha kwanza kwa sababu sare haikuwa tayari. Ada ilishaondolewa, lakini sare, viatu na madaftari bado ni mzigo wa nyumbani.

Mwaka huu wamejipanga tofauti. Fedha za ufuta zilipoingia, mama alitenga fungu kabla ya kununua chochote, akaliweka kwenye VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wa kijiji. Kikundi kina mfuko mdogo wa dharura wa wagonjwa. Mbaazi hazijauzwa zote. Gunia moja liko ndani kwa ajili ya Septemba. Kuku wameachwa wazaliane. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotosha peke yake. Vikikaa pamoja vinaweza kuivusha nyumba hadi Novemba.

"Tunashukuru, kaka," anamwambia mgeni. "Safari hii hatuna cha kuuza."

"Mnayo mikorosho yote ile, dada!"

Bibi ndiye anayejibu. "Yale ni maua, mwanangu. Ua haliuzwi."

Mgeni anacheka, anakunywa maji, anawasha pikipiki. Nyumba ya tatu atapata anachotafuta, na hakuna wa kuwalaumu wale watakaompa. Huenda nao wana mtoto anayeumwa.

Jioni penye moto

Jua la kipupwe likishuka, baridi haichelewi. Watoto wanasogea jikoni. Nyumba nyingi hapa jiko liko nje au kwenye kibanda chake, na hilo ni jema. Hatari huja pale mtu anapoingiza jiko la mkaa chumbani ili watoto walale na joto, kisha akafunga mlango na dirisha. Hewa ya mkaa haina harufu wala haimwamshi mtu, na inaua. Mama anajua hilo. Jiko la mkaa haliingii ndani. Watoto wanalala pamoja, soksi miguuni, kanga mbili juu ya blanketi.

Kabla ya kula, bibi anamchukua yule mjukuu wa darasa la saba hadi mkorosho wa kwanza nyuma ya nyumba, ule uliotangulia kutoa maua kuliko wenzake. Anainamisha tawi na kumwonesha. Katikati ya kishada, pale ambapo wiki chache zilizopita palikuwa na ua, kumechomoza kitu cha kijani, kidogo kama punje ya harage, kimejikunja kama figo. Bibo litavimba baadaye. Korosho huanza yenyewe.

Kijana ananyoosha mkono kuigusa.

"Iache," bibi anasema. "Hiyo ni sare yako ya Januari."

Kijana anarudisha mkono mfukoni. Wanarudi jikoni, ambako ugali wa mihogo umeshapakuliwa na kisamvu kinatoa moshi. Baba anauliza mashine imebaki na petroli kiasi gani. Usiku utakuwa na umande tena, na kuna upande mmoja wa shamba haujapuliziwa.